Askari Aliyerudi Kwenye Sanduku: Kweli na Uongo wa Matangani

Ukitaka kujua jambo Kampala, kaa kwenye moto wa matanga baada ya saa nne za usiku. Hapo kila mtu ni mtaalamu: dereva wa bodaboda anajua siri za jeshi, shangazi anajua sheria, na kijana wa kupanga viti anajua dola ni shilingi ngapi leo.

Nilikaa kwenye moto wa namna hiyo Matugga, kwenye Barabara ya Bombo, usiku wa kuamkia mazishi ya askari kijana aliyeuawa Shabelle ya Chini, Somalia. Sitamtaja jina, ni mali ya watoto wake wanne. Alikuwa na miaka 31. Jeneza lilikuwa sebuleni kwa baba yake, limefunikwa bendera, na juu yake picha: amevaa kombati, hatabasamu, macho yamekodolewa kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nje kulikuwa na hema, viti vya plastiki vya kukodi na chai ya maziwa iliyokuwa ikipungua kila mzungumzaji alipoongezeka.

Kando yangu alikaa mzee mmoja, mstaafu wa jeshi, ambaye kila mtu alimwita Afande. Alizungumza kidogo sana. Mtu akitoa hoja, yeye alichokoa kuni kwa fimbo yake na kutoa hukumu ya neno moja: kweli, uongo, au nusu. Niliyaandika aliyoyahukumu, na tangu siku ile nimekuwa nikiyapima moja baada ya jingine. Mara nyingi Afande alikuwa sahihi. Si mara zote.

“Vita ile si yetu, ni ya Wasomali wenyewe.”

“Nusu,” alisema Afande.

Jeshi la Uganda, UPDF, ndilo lililotua Mogadishu la kwanza, Machi 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, wiki chache baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kupitisha azimio namba 1744. Warundi walifika mwishoni mwa mwaka huo. Tangu hapo jina la kazi limebadilika: AMISOM, kisha ATMIS kuanzia Aprili 2022, na sasa AUSSOM tangu Januari 2025. Watoto waliozaliwa wakati kikosi cha kwanza kinapanda ndege, leo wamefikia umri wa kuandikishwa jeshini.

Kama tulipaswa kwenda au la, hilo ni la kubishania, na pale motoni lilibishaniwa hadi birika likakauka. Lakini umbali si hoja. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi, mabomu yalilipuka uwanja wa raga wa Kyadondo na mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Watu zaidi ya 70 walikufa. Wapiganaji wa Al-Shabaab wa Somalia walisema wazi kwamba walikuwa wakiwalipa Waganda kwa kuwapo kwa askari wao Mogadishu. Kutoka Matugga hadi Kyadondo unalipa nauli ya taksi moja au mbili.

“Alikwenda kutafuta pesa.”

Hili lilisemwa kwa sauti ya chini, kama watu wanavyosema jambo la aibu. Afande alilijibu kwa sauti ya juu: “Kweli. Na wewe asubuhi huwa unakwenda kutafuta nini?”

Kwa miaka kadhaa posho ya askari wa AMISOM ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, iliyolipwa na Umoja wa Ulaya kupitia Umoja wa Afrika. Serikali zinazopeleka askari zilikata takriban dola 200 kabla haijamfikia mwenyewe. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukapunguza mchango wake kwa asilimia 20, na kuna vipindi ambapo posho ilichelewa kwa miezi. Hata hivyo, kwa askari asiye na cheo, ilikuwa mara kadhaa ya mshahara wa nyumbani. Zamu moja ya Somalia ilitosha kununua kiwanja, ya pili kusimamisha kuta.

Najua ilikwenda wapi ya huyu, kwa sababu niliisoma. Wiki chache baada ya mazishi lilifika sanduku lake la bati, jeusi, kufuli lipo na ufunguo haupo. Kaka yake alilivunja kwa nyundo. Ndani mlikuwa na nguo za kiraia, chandarua, redio isiyo na betri, na daftari la shule lenye jalada la bluu. Aliniita nikamsomee, maana lilikuwa limeandikwa Kiswahili, na pale nyumbani ni Luganda tupu.

Zilikuwa kurasa nne za hesabu. Saruji mifuko 12. Mabati geji 30, vipande 24, na mbele yake alama ya kuuliza. Ada ya muhula wa pili, watoto watatu, na pembeni kaandika: wa nne mwakani. Wenzake sita waliomkopa, kila mmoja na kiasi chake. Mmoja amekatwa kwa mstari, amelipa. Dawa ya baba ya presha. Fundi amedai 300,000, mpe 250,000. Kisha mstari umepigwa, na chini yake jumla ambayo haikuwa sahihi. Alikosea kubeba kumi. Nyumba yenyewe ipo hadi leo ubavuni mwa nyumba ya baba yake, vyumba viwili na sebule, imefika kwenye lenta.

Kwa hiyo ndiyo, alikwenda kutafuta pesa. Anayemwita mamluki kwa sababu hiyo aanze na walimu, manesi na mapadri wenye mshahara.

“Kiswahili ni lugha ya bunduki.”

Hili halikusemwa na mtu. Lilionekana. Wenzake waliokuja kumzika walisemezana Kiswahili, na kila walipofungua mdomo waombolezaji waliwapisha njia kwa haraka kidogo kuliko adabu inavyotaka. Hapa kwetu lugha hii iliingia vichwani mwa watu kwenye vizuizi vya barabarani, enzi za Amin na Obote, na wengi hawajaisamehe. Amin mwenyewe aliitangaza lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, jambo ambalo halikuisaidia. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaidhinisha tena kuisukuma mwaka 2022, lakini katiba haifiki jikoni.

Uongo, basi. Mimi sijawahi kuona Kiswahili cha amani kuliko cha daftari lile.

“Jeneza likipigiliwa misumari, ndani hamna mtu. Wameweka mgomba.”

“Uongo!” Afande alisema, na mara hii aliinua fimbo.

Wapo wanaoamini kwamba askari wa Somalia huzikwa huko huko mchangani na familia hutumiwa sanduku la kupoza machungu. Miili hurudishwa kwa ndege hadi Entebbe, jeshi huipokea kwa heshima zake, kisha husafirishwa hadi kwenye makaburi ya ukoo, na kikosi cha askari hufuata kumpigia saluti mwenzao. Ndivyo ilivyokuwa Matugga.

Ila ninamwelewa aliyesema. Kambi za Somalia hushambuliwa kwanza kwa gari lililojazwa baruti, ndipo wapiganaji huingia. Mwili uliokuwa karibu na gari hilo si wa kumwonyesha mama. Kwa hiyo jeneza hufungwa, na mila zetu, za Kiganda, za Kiislamu na za karibu kila kabila, zinataka mtu auone uso au aukoshe mwili. Pengo hilo kati ya mila na misumari ndilo linalojazwa migomba. Mama mtu aliuliza mara tatu usiku ule, kwa upole: “Mmemwona nyie?” Ofisa kijana aliyeandamana na mwili alimjibu mara tatu, “Ndiyo, mama,” na mara ya tatu akavua kofia. Hilo la kofia lilimtuliza kuliko jibu.

Familia ina haki ya kuuliza nani aliutambua mwili, kwa alama gani, na karatasi ya utambuzi iko wapi. Si utovu wa nidhamu. Afande hakupenda niliposema hivyo, lakini hakusema uongo.

“Wote waliokufia huko waliuawa kwa risasi.”

Uongo, na nashangaa jinsi hadithi hii inavyojulikana kidogo. Kati ya 2009 na 2010, askari wa Uganda na Burundi waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Wengine walishindwa kupumua, mioyo yao ikaanza kuzimika. Zaidi ya 200 waliugua, makumi wakasafirishwa hadi hospitali za Nairobi na Kampala, na wanne wakafa. Uchunguzi ulionyesha beriberi, ugonjwa ambao wengi wetu tuliusoma kwenye kitabu cha sayansi cha darasa la sita na kudhani uliisha zamani pamoja na mabaharia wa mashua za tanga. Unatokana na upungufu wa vitamini B1. Askari walikuwa wamezingirwa kambini, wakila chakula cha namna moja miezi na miezi. Tiba ilikuwa vidonge vya bei ya peremende.

Na Agosti 2012 helikopta za kivita za Uganda, zikiwa njiani kwenda Somalia, zilianguka Mlima Kenya. Waliokufa walikuwa saba. Hawakuwa wameona adui.

Nayataja haya kwa sababu kuna tabia ya kuwapanga marehemu kwa madaraja, aliyekufa akipiga risasi mbele, aliyekufa kwa ugonjwa nyuma. Mjane wa beriberi hulala peke yake vilevile.

“Idadi wanayotangaza siyo.”

“Nusu.” Kisha Afande akanyamaza muda mrefu.

Tarehe 1 Septemba 2015 Al-Shabaab waliivamia kambi ya Waganda ya Janaale. Jeshi lilisema waliokufa ni 12, baadaye likasema 19. Wavamizi walidai idadi kubwa mara kadhaa. Miezi minne baadaye ilikuwa zamu ya Wakenya, El Adde, tarehe 15 Januari 2016. Serikali ya Kenya haikutoa idadi rasmi. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja takriban 180 kwenye mahojiano ya televisheni, Nairobi ikakanusha, na familia za Eldoret zikabaki zikihesabu majeneza kwa macho.

Kisha Buulo Mareer. Ijumaa ya tarehe 26 Mei 2023, alfajiri, kambi ya UPDF iliyo kama kilomita 120 kusini-magharibi mwa Mogadishu ilivamiwa. Al-Shabaab walidai wameua 137. Kwa siku kadhaa Kampala iliishi kwa uvumi wa WhatsApp. Tarehe 3 Juni Rais Yoweri Museveni mwenyewe alitangaza kwamba zimekutwa maiti za askari 54, kamanda wao akiwa miongoni mwao, na akasema maofisa wawili walioamuru kurudi nyuma watafikishwa mahakama ya kijeshi.

Namba ya Janaale ilibadilika, ya El Adde haikutolewa kabisa, ya Buulo Mareer ilitoka wiki nzima baadaye. Ndiyo maana nasema nusu, kama Afande. Kinachonisumbua ni kwamba hata namba ikiwa sahihi, inazima swali. Tukishasikia 54 tunatikisa kichwa na kubadili stesheni.

“Wazungu walikuwa na utaratibu, waliandika majina ya wote waliowafia.”

Hili lilitoka kwa mwalimu mstaafu, na Afande alisema kweli. Hapo alikosea.

Nenda makaburi ya vita ya Barabara ya Jinja, hapa hapa mjini, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Utaona utaratibu: jina, cheo, kikosi. Ni rahisi kuamini kwamba ndivyo walivyofanyiwa wote. Lakini Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa ripoti kuhusu yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ndio wapagazi wetu, watu wa “Carrier Corps”, walioacha jina la kikosi chao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bila kuacha ya kwao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina bunduki, ina buti, ina uso mzuri wa shaba. Jina haina.

Wakoloni hawakuwa peke yao. Sisi tuna siku mbili za mashujaa. Tarehe Sita, tunayoiita hivyo hivyo kwa Kiswahili hata kwenye redio za Luganda, ni kumbukumbu ya tarehe 6 Februari 1981, Museveni na wenzake walipoishambulia kambi ya Kabamba. Tarehe 9 Juni ni Siku ya Mashujaa, na chimbuko lake ni Edidian Luttamaguzi, aliyeuawa mwaka huo huo Kikandwa, Luweero, kwa kukataa kuonyesha waasi walikojificha. Luttamaguzi hakuwa askari. Alikuwa mtu wa kijijini, na jina lake linasomwa kila mwaka kwa sababu waliosalia walishinda na wakalikumbuka. Aliyekufa Shabelle hana ushindi wa kumbebea jina. Ana daftari.

“Nyuma yake kuna dola 50,000. Yule mjane sasa ni tajiri.”

Tulipofika hapa moto ulichangamka. Watu waliokuwa wamelala waliamka.

Fidia ipo, hilo ni kweli: Umoja wa Afrika uliweka dola 50,000 kwa kila askari wa AMISOM aliyeuawa kazini. Kwa kiwango cha shilingi 3,700 kwa dola, ni shilingi milioni 185. Ukiongeza akiba yake katika Wazalendo, chama cha kuweka na kukopa cha wanajeshi, unapata kiasi ambacho kijijini kinatosha kuvunja ukoo. Lakini haiji na jeneza. Huja baadaye, wakati mwingine baada ya muda mrefu, na haiji mkononi mwa anayelia zaidi. Inadai karatasi: cheti cha kifo, barua ya ukoo, Msimamizi Mkuu wa Mirathi, mahakama, hati ya usimamizi.

Na hapo ndipo uongo wa pili hujitokeza, uongo mkubwa kuliko wa mjane tajiri: kwamba *musika*, mrithi wa kimila, yule anayevishwa lubugo, vazi la magome ya mti, na kukabidhiwa mkuki siku ya kuhitimisha matanga, ndiye mwenye mali. Baba mdogo mtu alilisema hilo kwa kujiamini sana, na macho yake yalikuwa tayari kwenye ile nyumba iliyofika lenta.

Sheria ya Mirathi ya Uganda, kama ilivyorekebishwa 2022, inagawa hivi mali ya aliyekufa bila wosia: watoto asilimia 75, mke au wake kwa pamoja 20, ndugu wengine aliokuwa akiwalea 4, na mrithi wa kimila 1. Kabla ya mabadiliko hayo mjane alipata 15 tu. Weka milioni 185 kwenye mizani hiyo. Watoto, milioni 138 na laki saba unusu, wagawane sawa, wa ndani ya ndoa na wa nje. Mke, milioni 37. Wazazi na wadogo zake waliomtegemea, milioni 7 na laki nne. Mwenye lubugo, milioni moja na laki nane unusu. Nilipomfanyia baba mdogo hesabu hii siku nyingine, kwenye kipande cha gazeti, alikitazama, akakikunja, akakitia mfukoni, akauliza kama chai ipo.

Milioni 37 si utajiri Kampala. Na kuna sharti: uwe mke.

“Wamekaa miaka tisa, wana watoto wanne. Ni mke huyo.”

Yule mama watoto hakukaa sebuleni karibu na jeneza usiku ule. Alikaa jikoni, kwenye mkeka, akimenya ndizi za watu. Nilidhani ni unyenyekevu. Baadaye nikaelewa kwamba hakuna aliyempa kiti ndani, kwa sababu kwanjula haijawahi kufanyika. Marehemu hajawahi kwenda kwa wazazi wa binti kujitambulisha na zawadi. Alikuwa akisubiri nyumba ifike paa, aone pesa za ng'ombe.

Msomaji wa Tanzania atasema sheria inamlinda. Kwenu, ndiyo: Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mahakama kudhani ndoa ipo mwanamume na mwanamke wakishakaa pamoja miaka miwili na kuonekana mume na mke. Uganda haina kitu kama hicho. Ndoa ya kanisani, ya serikali, ya Kiislamu, ya Kihindu au ya kimila, hizo zinatambuliwa. Miaka tisa ya kupika, kuzaa na kupokea simu za saa saba za usiku kutoka Mogadishu si mojawapo. Kwa hiyo, kwa masikitiko: si kweli.

Watoto wake ni jambo jingine. Haki yao haitegemei cheti cha mama. Yeye akiwa mlezi wao anaweza kusimama mahakamani kwa ajili yao, na ndivyo alivyofanya hatimaye, akisaidiwa na wanasheria wa kujitolea. Lakini ile asilimia 20 ilimpita mbele ya macho.

“Aliyeandikwa kwenye fomu ya jeshi ndiye mrithi.”

Uongo, na ni wa hatari kwa kuwa askari wenyewe wanauamini. Jina la ndugu wa karibu kwenye fomu ya kikosi ni la mtu wa kupigiwa simu. Halimpi mtu kiwanja wala halimnyang'anyi. Huyu wa Matugga alijaza fomu yake akiwa na miaka 21, akaandika baba yake, na hakuirudia tena. Ndiyo maana simu ililia Matugga asubuhi, na mama watoto, aliyekuwa amepanga chumba Kawempe, akapata habari saa kumi jioni kutoka kwa jirani.

“Kuandika wosia ni kujiitia kifo.”

Nimelibakiza hili kwa kuwa ndilo pekee lililokubaliwa na wote pale motoni, Afande pamoja nao. “Kweli,” alisema. “Niliona kijana akiandika, hakumaliza wiki.” Nami nimewaona vijana wengi ambao hawakuandika, na hawakumaliza wiki vilevile.

Kuna kitu ambacho Afande hakukijua katika miaka yake yote ya utumishi, na hata mimi nilikijua kwa kuchelewa. Wosia wa raia una masharti: uandikwe, utiwe saini, na mashahidi wawili waweke saini zao. Lakini Sheria ya Mirathi ya Uganda ina kifungu cha zamani, kilichorithiwa kutoka sheria za Kiingereza kupitia India, kinachompa upendeleo askari aliye katika msafara wa kivita au vitani. Yeye anaweza kutoa wosia kwa mdomo, mbele ya watu wawili waliopo kwa wakati mmoja. Huo wa mdomo hufa mwezi mmoja baada ya yeye kutoka kwenye hali hiyo akiwa hai. Au anaweza kuuandika wote kwa mkono wake mwenyewe, na ukiwa hivyo hauhitaji saini wala shahidi.

Soma tena sentensi hiyo. Daftari la shule, jalada la bluu, mwandiko wake mwenyewe. Kurasa nne za saruji na ada na deni la fundi. Mstari mmoja chini ya ile jumla yenye kosa, nyumba na vilivyomo ni vya mama watoto wangu, na mahakama ingekuwa na kitu cha kushika. Ukurasa wa tano ulikuwa mtupu. Niliupitisha kidole nikitafuta alama ya kalamu.

Kama una mdogo wako, shemeji au mtoto wa jirani aliyeko Shabelle usiku huu, mpigie. Mwache aulize kwanza habari za mvua, dawa za mzee na kama fundi amekuja. Kisha mwambie afungue ukurasa mtupu, achukue kalamu yoyote, na aandike kabla hajakata simu.